Tuktuk ikitetemeka kwa mwendo fulani tu, usikimbilie kununua spea

Madereva wa tuktuk hapa Mombasa huniuliza suala moja mara kwa mara. Chombo kinakwenda vizuri mtaani, kikifika kilomita 40 kwa saa kinaanza kutetemeka, kikipita 50 kinatulia. Fundi ameshatia shokabzoba mpya na hakuna kilichobadilika. Jioni mwenye chombo anataka hesabu yake, na pesa za siku zimebaki gereji.

Nilisomea ufundi wa magari ngazi ya diploma, na maoni yangu ni kwamba ugonjwa huu hautafutwi kwa spana kwanza. Hutafutwa barabarani.

Kwa nini mwendo fulani tu? Fikiria mtoto kwenye pembea za Idi pale Makadara. Ukimsukuma kila anaporudi, hata kwa kidole, atapanda juu. Ukimsukuma ovyo, hapandi. Bodi ya tuktuk, springi zake na usukani vina mdundo wao wa kuyumba, na gurudumu lenye uzito upande mmoja husukuma mara moja kila likizunguka. Misukumo ikilingana na mdundo ule, chombo chote hutikisika. Ukiongeza mwendo, vinapishana. Kwa hivyo kule kutulia kwenye 50 si kupona. Beringi na nati bado zinapigwa.

Tairi ya 4.00-8 inayovaliwa na Bajaj nyingi hukata kama mita 1.3 kwa mzunguko mmoja. Kwa kilomita 40 ni mizunguko minane au tisa kila sekunde, ilhali injini wakati huo inazunguka makumi ya mara. Ndiyo sababu mtetemo wa gurudumu huja mikononi kama ngoma, na wa injini ni mvumo unaowasha nyayo.

Sasa tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na watu, usipakie abiria. Fika mwendo ule wa mtetemo, binya klachi na upunguze moto. Kikiendelea kutetemeka, shida iko kwenye magurudumu, beringi zake au shingo ya usukani. Kikitulia papo hapo, tazama injini, raba zinazoibeba, au shafti za kupeleka nguvu nyuma. Ili kuzitenga hizo, simama, tia nyutro, upige resi pole pole. Ikitetemeka imesimama, ni injini au raba zake. Isipotetemeka, zigeukie shafti.

Kama ni magurudumu, kuna jaribio lisilogharimu hata shilingi. Matatu yote na la akiba huwa saizi moja, basi toa la mbele uweke la akiba. Mtetemo ukiondoka, mgonjwa umemshika. Ukibaki, fanya vivyo hivyo nyuma, moja moja. Ukiyabadilisha yote kwa pamoja hutajua lipi.

Usukani ukicheza hata baada ya hapo, inua mbele kwa jeki. Shika gurudumu, lisukume mbele na nyuma: likigonga, beringi za shingo zimelegea. Kisha geuza usukani taratibu. Ukihisi unanasa pale katikati, beringi zimeliwa, na kukaza nati hakusaidii. Hapa sina mzaha. Gari lina magurudumu mawili mbele, moja likishindwa liko jengine. Tuktuk ina moja tu, na nyuma yake wameketi watoto wa madrasa. Chombo kama hicho kisipakie mtu mpaka kitengenezwe.

Jambo jengine ni rimu. Nyingi za tuktuk ni vipande viwili vinavyofungwa kwa nati, na hewa yetu ya chumvi huzila kutu upesi. Fundi akiunga juu ya kutu, tairi hukaa upande na mtetemo hurudi hata kama mpira ni mpya. Mwambie akwangue kwanza, kisha alizungushe mbele yako kabla hujalipa.