Mama mzazi, tezi ya shingo na somo la Samunge

Mwaka 2011 barabara ya kwenda Samunge, wilayani Ngorongoro, ilijaa magari kwa kilomita nyingi. Watu walimfuata Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Masapila, wanywe kikombe cha dawa ya mugariga kwa Sh500. Mchungaji huyo, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alifariki dunia Julai 2021, lakini somo la kikombe kile bado linawagusa wanawake waliojifungua karibuni.

Yapo maradhi yanayoondoka yenyewe, na aliye karibu siku yanapoondoka ndiye hupewa shukrani, awe mganga, nabii au daktari. Mojawapo hushika tezi dundumio, ile iliyo mbele ya shingo. Wakati wa ujauzito kinga ya mwili hupoa. Mama akishajifungua, kinga huamka, na kwa takriban wanawake 5 katika kila 100 huishambulia tezi hiyo.

Kati ya mwezi wa kwanza na wa nne, tezi iliyojeruhiwa humwaga homoni: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hauji hata mtoto akilala. Kati ya mwezi wa nne na wa nane homoni hupungua: uchovu, baridi, choo kigumu, huzuni. Mtoto analia mapajani, mama anamtazama tu. Mawifi wanasema ni mvivu. Jirani anasema ana mapepo.

Wengi hurudi katika hali ya kawaida ndani ya mwaka. Aliyekunywa kikombe mwezi wa tisa atatoa ushuhuda mtoto akitimiza mwaka, wala hatakuwa amesema uongo. Anayeumia ni mwenzake anayeufuata ushuhuda huo ilhali tezi yake imegoma kupona. Huyo anahitaji kidonge cha levothairoksini kila siku, pengine maisha yake yote, dawa isiyomzuia kunyonyesha. Yupo pia aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua, maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi. Huenda tezi ya ubongoni inayoiamuru dundumio imeumia, na kungoja hakutamponya.

Si kila sonona ya uzazi inatokana na tezi, ila kwa macho ni vigumu kuzitenganisha. Kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamuru dundumio, husaidia. Mama anayesikia sauti, anayekesha siku kadhaa bila kuhisi uchovu, au anayetaka kujidhuru au kumdhuru mtoto hasubiri kipimo wala maombi kwanza: apelekwe hospitali siku hiyohiyo, iwe Wasso au Karatu, na asiachwe peke yake.

Mtoto hupelekwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9, karibu vipindi vilevile tezi inapochafuka. Anapimwa uzito, kadi inajazwa, mama anaondoka. Muuguzi aongeze maswali matatu: unalala? moyo unakwenda mbio? unamfurahia mtoto? Majibu yakitia shaka, mama naye atolewe damu.