Roho, Upepo na Pumzi

Wasomaji wetu wa Kapalamsenga na wa vijiji vingine vya upande wa Ziwa Tanganyika, nanyi wanafunzi popote mlipo, leo twataka kuzungumza nanyi habari ya herufi moja tu. Fungueni Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, ile iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa tafsiri ya Unguja na wa tafsiri ya Mombasa. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo, Roho ya Mungu imepewa kiambishi “i-”, kama tusemavyo juu ya nyumba au kalamu. Kisha someni Yohana, sura ya 14. Roho Mtakatifu hapo apewa “a-”, kama tusemavyo juu ya mtu. Basi mtoto wa shule akiuliza, “Mwalimu, Roho ni kitu au ni nafsi?” mwalimu hana budi kutoka nje ya Kiswahili ili amjibu sawasawa.

Agano la Kale liliandikwa kwa Kiebrania, isipokuwa sehemu chache, hasa katika Danieli na Ezra, zilizoandikwa kwa Kiaramu. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani. Neno la Kiebrania lililo katika Mwanzo ni ruah. Maana yake ni upepo. Tena ni pumzi. Tena ni roho. Waebrania hawakuwa na maneno matatu mahali hapo. Upepo uliopita juu ya nchi katika habari za Nuhu, maji ya gharika yakapungua, ni ruah. Kiyunani nacho kina neno moja, pneuma, lenye maana hizo hizo. Ndiyo maana Yesu, alipozungumza na Nikodemo usiku, aliweza kutoka kwenye upepo na kufika kwenye Roho pasipo kubadili neno. Mvuvi wa dagaa aliyekaa ziwani usiku, akiusikia upepo asioweza kuuona, angeyafahamu mazungumzo yale upesi kuliko wengi wetu. Lakini Kiswahili kimemgawia maneno mawili, naye hawezi kujua ya kuwa zamani lilikuwa moja.

Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu, na maneno mengi ya Kiarabu yameingia katika Kiswahili cha pwani, kisha yakasafiri na misafara kupitia Tabora hata Ujiji. Roho ni ndugu wa ruah. Nafsi ni ndugu wa nefesh, damu wa dam, baraka wa berakha, salamu wa shalom, malaika wa malakh, nabii wa navi. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani ambaye Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kuyapunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kutumia ya Kibantu badala yake. Alikuwa na sababu zake, na kazi yake ilikuwa kubwa. Lakini kwa maoni yetu, kila neno la namna hii lililoondolewa lilikata uzi uliotufunga na Kiebrania.

Lakini ndugu wawili hawafanani kwa kila jambo. Sadaka ni ndugu wa neno la Kiebrania tsedaka. Katika Mwanzo 15 twasoma kwamba Abrahamu alimwamini Bwana, na imani hiyo ikahesabiwa kwake kuwa tsedaka. Mtu akikimbilia sadaka, atafundisha kwamba imani ya Abrahamu ilihesabiwa kama fedha iliyotiwa kikapuni! Maana ya neno hilo hapo ni haki. Maana ya kutoa kwa maskini ilizidi kukua baadaye. Na juu ya mstari huu Paulo alijenga sura ya 4 ya Warumi, na juu ya sura hiyo Wakristo wa Ulaya walibishana sana tangu karne ya 16. Kosa la neno moja laweza kuharibu fundisho zima.

Sasa turudi kwenye herufi yetu. Kiebrania, Kiyunani na Kilatini hugawa majina kwa jinsi ya kiume na ya kike, na Kiyunani na Kilatini zina jinsi ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike. Ruah kwa kawaida ni ya kike. Pneuma ni ya jinsi ile ya tatu. Kilatini husema spiritus, nalo ni la kiume; na hicho ndicho Kilatini cha Misa walichokuja nacho Mapadre Weupe walipofika Karema mwaka 1885. Basi jinsi ya jina peke yake haithibitishi kitu, maana yabadilika kila lugha. Wengine huonyesha kwamba katika Yohana 14 kiwakilishi ni cha kiume. Lakini hicho chaweza kufuata neno Parakletos, yaani Msaidizi, ambalo ni la kiume.

Kiambishi “a-” kimetoka wapi, basi? Kimetoka katika fundisho. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulisema machache sana juu ya Roho. Ule wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ndio unaohusishwa na ungamo kwamba Roho huabudiwa pamoja na Baba na Mwana. Mfasiri wa Kiswahili, kwa kuwa ngeli zetu zamlazimisha kuchagua, aliandika “a-” katika Yohana, akaacha “i-” katika Mwanzo. Alifanya vivyo hivyo kwa Neno katika Yohana 1: kwa desturi neno huchukua “li-”, lakini hapo limepewa “a-”.

Anayetaka kuanza kujifunza na achukue daftari, asome Ezekieli 37, mistari 14 ya kwanza, habari za mifupa mikavu. Katika Kiebrania ruah imo mara 10. Aandike kila mahali mfasiri aliposema roho, aliposema pumzi, na aliposema upepo au pepo, kisha amwulize mwalimu wake kwa nini.