Kwa nini mkanda wa saa unanuka, na namna ya kuusafisha

Vua saa yako jioni, unuse mkanda upande wa ndani. Harufu hiyo ya jasho lililochacha tunaijua wengi hapa Kyela. Mtu anaoga vizuri, anabadilisha shati, halafu anavaa saa ileile ambayo haijaguswa sabuni tangu aliponunua.

Jasho likitoka mwilini halina harufu kubwa. Harufu inaletwa na bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, ambao wanakula jasho, mafuta ya mwili na ngozi iliyokufa. Chini ya mkanda wanapata joto, unyevu na chakula, na hakuna anayewasumbua. Bonde letu liko chini, takriban mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, na pembeni tuna ziwa. Mvua za Machi hadi Mei zikikolea, hewa yenyewe imejaa maji, kwa hiyo jasho halikauki. Aliyeko Tukuyu kwenye baridi hapati shida hii kama sisi.

Kazi zetu nazo zinaongeza. Tope la jaruba linaingia kwenye matundu ya mkanda. Ute wa kakao una sukari, ukikaukia hapo unakuwa karamu ya vijidudu. Na aliyeshika usipa asubuhi nzima hahitaji kuelezwa.

Kupulizia pafyumu hakusaidii. Uchafu unabaki palepale, na pafyumu yenyewe inaweza kuiwasha ngozi.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida Atlantic, Marekani, walitoa matokeo ya kupima mikanda ya mkononi ya aina mbalimbali. Asilimia 95 ilikuwa na bakteria. Ya raba na plastiki ndiyo ilikuwa na wengi zaidi, na ya dhahabu na fedha ilikuwa na wachache sana au haikuwa nao kabisa. Saa nyingi tunazoziona sokoni hapa zina mkanda wa raba au plastiki, kwa hiyo tuanze na hiyo.

Mkanda wa raba au plastiki unaoshwa kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya kuogea na mswaki wa zamani. Sugua upande wa ndani, kwenye matundu, na pale mkanda unapokutana na saa, maana hapo ndipo uchafu mweusi unapojificha. Suuza mpaka utelezi wa sabuni uishe, kisha futa na uache ukauke kabisa kabla ya kuvaa. Ukirudia mara moja kwa wiki inatosha. Wakati wa kupanda mpunga au kuvunja kakao, fanya kila jioni. Jiki usitumie, inaharibu mkanda na ikibaki inaunguza ngozi. Harufu ikigoma, futa kwa spiriti ya asilimia 70 inayouzwa duka la dawa, mbali na moto.

Lakini osha mkanda, si saa. Ile namba ya mita 30 iliyoandikwa nyuma haina maana kwamba unaweza kupiga nayo mbizi Matema. Saa ya namna hiyo inavumilia matone ya mvua na kunawa mikono, basi. Kama mkanda unatoka, fundi saa atautoa kwa dakika moja.

Mkanda wa kitambaa utoe, uloweke kwenye maji ya sabuni, ufue kama soksi. Wa chuma unahitaji mswaki kati ya pingili, na kuukausha vizuri.

Wa ngozi ndio wenye shida, na kusema kweli hatuushauri kwa mtu wa shambani au ziwani. Ngozi inafyonza jasho, na ukiiloweka inakakamaa na kupasuka. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni kidogo, kisha kwa kikavu. Ianike kivulini penye upepo, isipigwe jua kali. Spiriti usiiguse, inaikausha mno. Ikiota ukungu ndani kabisa, nunua mkanda mwingine.

Sasa kuna jambo linalotutia wasiwasi kuliko harufu. Ngozi chini ya saa ikiwasha, wengi wanakimbilia tyubu yoyote ya dukani. Tazama kwanza. Alama ikiwa na umbo la kile kifungo cha chuma au mfuniko wa nyuma ya saa, huenda ngozi yako inakataa madini ya nikeli, ambayo hutumika sana kwenye vyuma vya bei nafuu. Ikiwa ni duara lenye kingo zilizoinuka na linazidi kupanuka, inaweza kuwa fangasi. Hapo krimu zenye steroidi ni hatari: mwasho unatulia siku chache, wekundu unapungua, huku fangasi wanaendelea kusambaa. Vua saa, acha mkono upumue, na uende zahanati kabla ya kupaka chochote. Pakitoa usaha au wekundu ukipanda mkono, nenda siku hiyohiyo.

Ukienda kununua mkanda mpya, beba saa yenyewe. Upana unatofautiana, 18, 20 au 22 milimita, na usiolingana unachomoka ukiwa kwenye mtumbwi.