Chombo cha Muziki kwa Mwanamichezo: Tuchague kwa Busara

Muziki na mazoezi ni marafiki wa siku nyingi. Askari akimbiaye kwa wimbo wa kikosi husahau uchovu, naye mtelezaji wa barafu huzipanga hatua zake kwa mapigo ya ngoma. Lakini chombo kipendezacho sebuleni huenda kisifae uwanjani. Kabla familia haijatoa fedha yake, yafaa ijiulize: mchezo huu utakitendea nini chombo hiki, nacho kitamtendea nini mchezaji?

Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ilianza kuuza Walkman ya kaseti nchini Japani, na watu wakaanza kutembea na muziki masikioni. Baadaye zikaja mashine za CD, ambazo zilikatakata wimbo zilipotikiswa. Mwaka 2001 ilitokea iPod, yenye nafasi ya nyimbo 1,000 katika diski izungukayo, nayo diski ya namna hiyo haipendi kuanguka. Faraja ya mwanamichezo ilikuwa vyombo vihifadhivyo nyimbo katika chipu, bila kitu chochote kinachozunguka ndani yake. Hicho ndicho cha kutafuta hata leo.

MTIHANI WA BARAFU

Barafu ni mwalimu mkali. Katika mji wa Ottawa, Kanada, mfereji wa Rideau unapoganda vya kutosha, watu huvaa viatu vyenye makali ya chuma na kuteleza katika njia ya kilomita 7.8. Huko betri ya lithiamu hupungukiwa nguvu kwa baridi kali, hata chombo kilichojazwa nyumbani kikazimika ghafla. Kwa hiyo mtelezaji hukitia katika mfuko wa ndani ya koti, karibu na joto la mwili. Wala hakitii mfuko wa nyuma, maana huko ndiko aangukiako. Tena huchagua chenye vitufe vya kubonyeza, kwa sababu vioo vingi vya kugusa havitambui kidole kilichovaa glavu ya sufu. Arudipo nyumbani hakichaji papo hapo: betri hiyo ikichajiwa ingali chini ya nyuzi sifuri huharibika.

JASHO, MVUA NA VUMBI

Msomaji asiseme kwamba barafu ni mambo ya mbali. Mjini Nairobi uwanja wa kuteleza ulifunguliwa hotelini mwaka 2005. Na kwa mkimbiaji wa barabara zetu mtihani ni uleule, ila badala ya baridi kuna jasho, mvua na vumbi. Tazama alama zilizoandikwa kwenye boksi. IPX4 maana yake chombo chastahimili kurushiwa maji. IPX7 chaweza kuzama katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Herufi X haielezi lolote juu ya vumbi. Atakaye kinga ya vumbi atafute tarakimu 5 au 6 mahali pake, kama vile IP67. Kiwe chepesi, chenye kibanio cha kushika nguo, ili mikono ibaki huru.

TUYALINDE MASIKIO

Hili ni kubwa kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asikilizaye sauti ya desibeli 80 asizidishe saa 40 kwa wiki. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75. Kila sauti inapopanda desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu.

Aidha, visikilizio vizibavyo masikio humnyima mkimbiaji honi ya gari, na humnyima mtelezaji sauti ya mwenzake anayemjia kwa kasi kutoka nyuma. Vipo vinavyopitisha sauti katika mfupa wa shavu na kuliacha sikio wazi. Asiyevipata na apunguze sauti hadi aweze kusikia mtu anayemwita, au asikilize kwa sikio moja tu. Wazazi wawafundishe watoto desturi hii tangu siku ya kwanza chombo kinapoingia nyumbani. Chombo kikivunjika chaweza kununuliwa kingine. Sikio likiharibika kwa makelele, halina duka.