Springi za Kuinua Motokaa ya Porini

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za springi za motokaa zile ziendazo porini na katika njia za matope, na hasa jinsi ya kuchagua springi za kuinua gari hata liwe juu kuliko lilivyotoka kiwandani. Twajua ya kuwa wengi wa wasomaji wetu hawana motokaa zao wenyewe. Walakini wengi wamo katika kamati za zahanati, shule na vyama vya ushirika, nao huulizwa shauri kabla fedha ya watu haijatumika. Tena wanafunzi wataona hapa kazi ya hesabu zao.

Kwanza yafaa tujue kitu ambacho springi haziwezi kukifanya. Mtu aonapo gari limekwama katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, tumbo lake limelala juu ya tope, husema, “Liinuliwe springi.” Basi na achungulie chini kabla ya kusema. Katika magari yenye ekseli nzima, kitu kilicho karibu zaidi na ardhi ni lile donge la chuma lililo katika ekseli, ambalo mafundi huliita difu. Ekseli imeshikwa na magurudumu, wala haikuning'inia kwenye springi. Ukitia springi ndefu, bodi na chasisi hupanda, lakini difu hubaki pale pale. Kitu cha kuipandisha difu ni tairi kubwa zaidi, na hiyo nayo huipandisha nusu tu: tairi ikizidi sentimeta 5 kwa upana wa duara yake, difu hupanda sentimeta 2 na nusu. Springi ndefu hufaa kwa kuokoa tumbo, ngazi za ubavuni na pua ya gari lipandapo ukingo wa korongo, na kwa kupata nafasi ya hizo tairi kubwa.

Sasa tuje katika kanuni yenyewe. Mwaka 1678 mtaalamu wa Uingereza, Robert Hooke, alipiga chapa habari ya kwamba springi hunyooka au hubonyea kwa kadiri ya uzito inaotwikwa. Uzito ukiwa maradufu, kubonyea nako huwa maradufu. Kila springi ina kipimo chake cha ugumu, yaani ni kilo ngapi zitakazoibonyeza sentimeta moja. Kipimo hicho ndicho cha kumwuliza muuzaji kwanza, kabla ya kumwuliza gari litapanda kiasi gani.

Tuseme kamati ya zahanati imenunua springi za nyuma zilizoandikwa kwamba zitainua gari sentimeta 5. Kila moja hubonyea sentimeta 1 kwa kilo 25. Gari hili kila siku huchukua nyuma pipa la maji la lita 200, nayo maji hayo ni kilo 200. Likiwekwa sawasawa juu ya ekseli ya nyuma, kila springi hupata kilo 100, nayo hubonyea sentimeta 4. Katika zile sentimeta 5 zilizolipiwa imebaki moja tu! Muuzaji hakusema uongo. Alipima gari tupu, na gari la zahanati haliendi tupu.

Lakini ni kosa vilevile kukimbilia springi ngumu kupita kiasi. Springi iliyotengenezwa kwa mzigo mzito haibonyei gari likiwa tupu. Hurusha bodi kila shimo, gurudumu huacha ardhi, na breki hazishiki kitu kilicho hewani. Mama mjamzito apelekwaye hospitali kwa njia ya mawe ndiye alipaye gharama ya kosa hilo. Basi twashauri hivi: gari lipelekwe kwenye mizani likiwa na kila kitu linachokichukua daima, mbele na nyuma vipimwe mbali mbali, na springi zichaguliwe kwa uzito huo. Mzigo wa siku moja katika mwezi usihesabiwe.

Springi zenyewe ni za namna mbili. Za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine ndizo zilizokuwa katika Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Za chuma kilichozungushwa kama nyoka aliyejikunja zilitiwa katika magurudumu yote manne ya Range Rover mwaka 1970. Toyota Land Cruiser ya namna ya 70, iliyoanza mwaka 1984 na kujulikana sana katika nchi zetu, ina mabamba nyuma, na tangu mwaka 1999 nyingi zina za kuzunguka mbele.

Katika mabamba, unene ni jambo kubwa: bamba lenye unene maradufu huwa gumu mara nane. Katika springi ya kuzunguka unene una nguvu kuliko hapo. Chuma kikiongezwa kutoka milimeta 15 hadi 16 na nusu, na mengine yote yakibaki vilevile, ugumu huzidi karibu kwa nusu. Kwa hiyo springi mbili zinazofanana machoni zaweza kuwa mbali sana katika kazi.

Wako mafundi wainuao gari kwa njia ya rahisi. Hurefusha vile vyuma viwili vinavyoning'iniza mwisho wa springi ya mabamba. Vikizidi sentimeta 10, gari hupanda kama 5 tu, kwa maana ni mwisho mmoja ulioinuliwa. Mbele, jambo hili huigeuza pembe ya ekseli, na usukani huacha kurudi wenyewe baada ya kona. Wengine hutia kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Nyuma, kikiwa kifupi na kimefungwa vema, huvumilika. Mbele kisitiwe kabisa, kwani kikichomoka wakati wa kufunga breki, dereva hana gari tena.

Kila kuinua kuna bei yake. Gari ambalo nusu ya upana wa magurudumu yake ni sentimeta 75, na kitovu cha uzito wake kipo sentimeta 75 juu ya ardhi, likisimamishwa kiubavu hupinduka kwenye mteremko wa digrii 45. Kitovu hicho kikipanda sentimeta 5, ni digrii 43. Kikipanda 15, hazifiki 40. Na hayo ni ya gari lililosimama. Likiwa katika mwendo, limejaa watu na magunia juu ya paa, hupinduka mapema zaidi. Sisi twaona sentimeta 5 zatosha kwa gari la kazi.

Springi zikiisha kufungwa, gari liinuliwe kwa jeki hata magurudumu yaning'inie, na fundi aangalie kama mipira ya breki haikuvutika, na kama shokapu, vile vyombo vya kutuliza mrusho wa springi, zina urefu wa kutosha. Asipoangalia, shokapu itakuwa kamba ya kuzuilia ekseli, nayo itakatika. Kimo kipimwe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, si kutoka ardhini, maana upepo wa tairi hudanganya. Kipimwe tena baada ya majuma machache, kwa sababu springi mpya hukaa kidogo, na boliti zikazwe siku hiyo hiyo. Taa za mbele nazo zirekebishwe zitazame chini, kwani pua ya gari iliyoinuliwa humulika machoni mwa ajaye.