Kibali kipo jirani, kipimo kipo mbali

Saa tatu usiku wa Jumamosi sahani za kabatini huanza kugongana. Wimbo wenyewe bado hausikiki. Kinachotangulia ni besi, inapenya ukutani kama mtu anayeburuta meza chumba cha pili. Mke wangu huinuka, huchukua kitambaa cha jikoni na kukipachika katikati ya sahani, kisha hurudi kukaa. Hatusemi neno.

Baa yenyewe iko ng'ambo ya barabara. Siku moja nilikwenda kumwona meneja. Kijana muungwana: aliniamkia, akaniita mzee wangu, akaagiza niletewe soda, na mbele ya macho yangu akampigia ishara dijei apunguze. Nilipofika nyumbani sauti ilikuwa imesharudi palepale. Na soda nilikuwa nimekwisha kunywa.

Sheria ipo, tena si ya jana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na kanuni zake za kudhibiti kelele na mitetemo ni za 2015. Kwa makazi ya watu, kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Thelathini na tano ni ndogo mno. Feni ya dari ikikazana inaweza kuipita. Na desibeli hazipandi kama bei ya sukari: kila zikiongezeka kumi, sikio husikia kama sauti imekuwa maradufu.

Huko kanuni za aina hii zilikoanzia, mtu hulala amefunga dirisha. Hapa Dar es Salaam nani afunge dirisha mwezi wa pili? Nyumba zetu zimejengwa zipitishe upepo, wavu na nondo basi, na papitapo upepo muziki haubishi hodi. Ndiyo maana ushauri wa kumwambia mwenye baa aweke kuta za kuzuia sauti hunichekesha. Baa nyingi hazina kuta. Zina paa la makuti na viti vya plastiki.

Mei 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliamka likafungia makumi ya baa na kumbi za jiji hili kwa mpigo. Kwa siku chache tulilala. Lakini operesheni ni operesheni, haiwezi kuwa ya kila Jumamosi, na Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Taasisi moja ya kitaifa haiwezi kuwasikilizia wote spika za jirani.

Ndipo macho yanageukia madiwani. Halmashauri za miji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo: baraza linajadili, wananchi wanatangaziwa walete pingamizi, waziri anaridhia, inachapishwa katika Gazeti la Serikali. Njia ni ndefu lakini inapitika. Ugumu uko kwingine. Ada za leseni za vileo ni mapato ya halmashauri hiyohiyo inayoombwa kuzinyamazisha baa, na diwani anayesimama kulalamikia kelele anajua kwamba kikao kijacho ataulizwa kwa nini makusanyo ya kata yake yameshuka.

Wala Jiji lenyewe si mgeni wa muziki wa usiku. Mwaka 1983 shirika lake la maendeleo, DDC, liliichukua bendi ya Mlimani Park, Sikinde ya wapenzi wake, na kumbi za DDC zikawa ndizo kumbi. Wazee wanaonuna leo, na mimi nikiwamo, tulicheza humo tukatoka alfajiri. Walioishi nyuma ya ukumbi hatukuwauliza walilalaje.

Halafu kuna mipaka. Sinza iko Manispaa ya Ubungo. Vuka kidogo tu uko Kijitonyama au Tandale, ambako ni Kinondoni. Spika ikiwekwa Sinza ikaelekezwa upande wa pili, mwenye leseni na mwenye kukosa usingizi wana madiwani wa mabaraza mawili tofauti. Halmashauri ya Jiji la zamani, iliyozisimamia manispaa zote kwa pamoja, ilivunjwa Februari 2021, na jina la Jiji likabaki kwa Ilala.

Nisiwaonee wenye baa. Mchana kuna kile kipaza sauti cha betri, sauti iliyorekodiwa, dawa ya panya, mende, kunguni, inazunguka na mkokoteni mpaka unaikariri. Kuna mkesha chini ya turubai. Kuna singeli, iliyozaliwa Manzese na Tandale katika sherehe za mtaani, kwa sababu vijana wa huko walikuwa na barabara, hawakuwa na ukumbi. Kuwapiga marufuku moja kwa moja ni uvivu wa kufikiri.

Ningekuwa diwani, ningeacha kubishania desibeli, nikauliza swali moja: saa saba usiku nampigia nani? Ofisi ya mtaa, anakoanzia mtu anayetaka kufunga njia kwa turubai la harusi, iko dakika tano kutoka kwangu. Afisa mwenye mashine ya kupimia yuko ofisini Jumatatu, saa mbili asubuhi, wakati dijei amelala fofofo. Anayeruhusu yuko karibu na ana muhuri. Anayezuia yuko mbali na anataka barua. Mpeni mtendaji wa kata kipimo na namba ya zamu ya usiku, wekeni saa ya mwisho inayojulikana na kila mtu, kisha ndipo mjadili mengine.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika kama saa nne hivi. Mtaa ukanyamaza ghafla. Nikasikia mtoto akilia nyumba ya tatu, mbwa, na saa yetu ya ukutani, ambayo sikujua kwamba ina mlio. Mke wangu akatazama kabati. "Usikitoe," nikamwambia. Hata sijamaliza, jenereta ya baa ikakohoa mara mbili, ikawaka.