Ndoa yenye anwani mbili

Siku mume au mke anapoingizwa kwenye makao ya wazee, karatasi zote zinamhusu yeye: dawa anazomeza, meno ya bandia, kama anatembea mwenyewe au kwa mkongojo, nani apigiwe simu akianguka usiku. Tangu nianze kazi ya uuguzi huku Minnesota sijaona fomu inayouliza aliyemleta atalala vipi usiku huo. Anapewa nakala zake, anaelekezwa mahali pa kuegesha gari akija kutembelea, kisha anarudi nyumbani peke yake. Makala hii ni ya huyo.

Kwa muda mrefu Waafrika Mashariki walioko Marekani waliyajua makao haya kwa upande mmoja tu, upande wa kazi. Kina mama na vijana kutoka Kenya, Tanzania na Kongo ndio wanaowageuza wagonjwa kitandani, wanaowaogesha, wanaowalisha. Sasa waliokuja miaka ya 1980 na 1990 wamezeeka hukuhuku, na kiharusi na ugonjwa wa kusahau vimewakuta. Huko nyumbani ukitaja nyumba ya wazee, mtu anafikiria Nunge kule Kigamboni, au Sebleni Unguja: mahali pa mzee asiye na mtu wa kumtazama. Kwa hiyo mama mwenye watoto wanne na kanisa zima nyuma yake akimpeleka mumewe huko, simu zinaanza kuingia kutoka kwa mashemeji. Umemtupa kaka yetu. Wanaosema hivyo hawajawahi kumnyanyua mwanamume wa kilo tisini aliyepooza upande mmoja, saa nane usiku, wakiwa wao wenyewe wana miaka sabini na goti bovu.

Jambo la kwanza ninalotaka lieleweke ni kwamba kumpeleka hakumalizi kulea. Mwaka 2004 Richard Schulz wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, utafiti kuhusu familia zilizokuwa zikitunza wagonjwa wa kusahau na hatimaye zikawapeleka kwenye makao. Mtu angetarajia mzigo ushuke. Sonona na wasiwasi wa watunzaji havikupungua, na matumizi ya dawa za kutuliza wasiwasi yaliongezeka. Waliotaabika zaidi walikuwa wake na waume, na karibu nusu yao walikuwa wakienda kumwona mgonjwa kila siku. Mikono imepumzika kidogo, lakini moyo unaendelea na zamu.

Profesa Pauline Boss, ambaye baadaye alifundisha huku Minnesota, alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza wake wa marubani wa Marekani waliopotea katika vita vya Vietnam. Wanawake wale hawakujua wahesabiwe wake au wajane. Baadaye aligundua kwamba hali hiyohiyo iko kwenye familia ambazo mtu yupo, unamgusa, lakini akili yake imekwenda mbali. Mimi huwaambia watu kwamba huu ni msiba usio na matanga. Hakuna anayekuja kukaa nawe, hakuna anayeleta sufuria ya pilau, hakuna arobaini ya kukwambia sasa inuka. Mwenzi hulia leo, kesho akacheka na mgonjwa, kesho kutwa akalia tena, na anadhani ana kasoro. Hana kasoro.

Tuje kwenye ziara zenyewe, kwa sababu ndizo zinazojaza maisha yake sasa. Wengi hufika saa tisa alasiri, baada ya shughuli zao, na kwa mgonjwa wa kusahau huo ndio wakati mbaya. Katika makao mengi zamu hubadilishwa saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku. Wahudumu wanakabidhiana, kengele zinalia, hakuna wa kukujibu. Tena jua linapoelekea kuzama wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi, wanatafuta mlango, wanadai kwenda nyumbani. Saa nne asubuhi utamkuta ameoga, amekunywa chai, na uso wake una nuru. Dakika sitini za asubuhi zina faida kuliko saa tatu za jioni.

Na ukifika, fanya kitu. Kukaa kwenye kiti mkitazama televisheni huwachosha nyote wawili. Mpake mafuta miguuni. Mchane nywele. Mwekee kwaya aliyoimba ujanani, au taarabu, au kisomo cha Kurani, kwa sauti ya chini kwenye simu. Kucha za mwenye kisukari mwachie muuguzi, kwa sababu kidonda kidogo cha kidole kinaweza kumpotezea mguu. Wapo walioongea Kiingereza kazini kwa miaka thelathini ambao ugonjwa wa kusahau unawapokonya Kiingereza kwanza na kuwaachia lugha ya mama. Mhudumu anamwuliza mgonjwa kama ana maumivu, yeye anamtazama tu. Mkewe akimwuliza kwa Kiswahili, anaonyesha tumbo. Hapo makao yanayopokea fedha za serikali yanatakiwa kumpa mkalimani bila malipo, lakini mara nyingi hakuna anayekumbuka mpaka mwenzi aseme. Andika kikaratasi cha maneno kumi, maji, choo, baridi, inauma na mengine ya namna hiyo, ukibandike ukutani juu ya kitanda. Nimeona kikaratasi cha aina hiyo kikimaliza ugomvi wa kila siku wa bafuni.

Chakula kinahitaji uangalifu zaidi ya mapenzi. Baada ya kiharusi, misuli ya koo mara nyingi hudhoofika, na kitu chepesi kama maji au chai ya rangi hupita haraka na kuingia njia ya hewa. Kikiingia kwenye mapafu huweza kuleta nimonia, na nimonia ya namna hiyo huua. Ndiyo maana utaona vinywaji vyake vimekorogwa na unga wa kuvifanya vizito, na nyama imesagwa. Mke anayeleta samaki wa kupaka mwenye miiba, au chapati kavu, anamletea hatari bila kujua. Lakini usikate tamaa ukaacha kupika. Mwulize muuguzi chakula chake kimeandikwa kiwango gani, umwombe mtaalamu wa kumeza akupimie uzito wa uji wako. Uji wa nyumbani uliokubaliwa na mtaalamu una ladha ambayo jiko la makao haliwezi kuitoa, na mgonjwa aliyekuwa akikataa kula huufungulia mdomo.

Kuondoka ndiko kugumu. Mgonjwa atasema, "Mama watoto, twende nyumbani." Ukimwambia kwamba hapa ndipo nyumbani kwake sasa, unaanzisha mabishano ambayo hakuna mshindi. Mwulize nyumbani anakokumbuka ni kwa nani, kuna mti gani uani. Mara nyingi anakupeleka Muheza au Bukoba ya miaka sitini iliyopita, na hofu yake inashuka. Panga kuondoka chakula cha mchana kinapoletwa, mhudumu akiwa pembeni yake. Usiage mara nne mlangoni.

Kuna jambo ambalo wake na waume huliona na hawamsimulii mtu. Unaingia ukumbini unamkuta mumeo ameshikana mkono na bibi mwingine, wanatabasamu, naye anakutazama kama mgeni. Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alistaafu Januari 2006 ili amtunze mumewe John aliyekuwa na ugonjwa wa kusahau wa Alzaima. John alihamia kwenye makao huko Phoenix, na mwaka 2007 mtoto wao alieleza hadharani kwamba baba amempenda mkazi mwenzake, na kwamba mama alifurahi kumwona ametulia. John alifariki Novemba 2009. Nalieleza hili kwa kuwa familia yenye heshima kama ile ilipokubali kulisema, wengi walipumua. Si lazima ulipokee kwa moyo ule. Una haki ya kuumia. Lakini usimgombeze yule bibi wala mumeo, maana hakuna anayekusaliti pale. Zungumza faraghani na muuguzi mkuu, uulize kama wote wawili wako salama na wanaheshimiwa.

Na stara ya ndoa yenu bado ipo. Sheria ya mwaka 1987 iliyorekebisha makao ya wazee Marekani, pamoja na kanuni zake, inampa mkazi haki ya faragha anapotembelewa na mwenzi wake, na wote wawili wakiwa wakazi wa makao yaleyale na wakikubaliana, wana haki ya chumba kimoja. Unaweza kufunga mlango. Unaweza kulala kidogo kando yake mchana. Mhudumu anapaswa kubisha hodi.

Sheria hiyohiyo inataka hali ya mkazi ipimwe upya angalau kila baada ya miezi mitatu na mpango wa matunzo upitiwe. Hapo ndipo pa kuongea. Malalamiko ya jumla, kwamba hamumtazami vizuri, huandikwa na kusahauliwa. Sema vitu vinavyoweza kufanyika: amezoea kuoga jioni, alfajiri hupiga kelele, nguruwe hali, mguu wa kulia ndio wenye nguvu, mwinueni upande huo. Usiposikilizwa, kila jimbo lina mtetezi wa wakazi anayetakiwa kisheria kupokea malalamiko yako bila malipo.

Fedha huwatisha watu kuliko kifo. Chumba cha watu wawili hugharimu zaidi ya dola 8,000 kwa mwezi katika majimbo mengi. Medicare, bima ya wazee, hulipia matibabu ya muda tu baada ya mgonjwa kulazwa hospitali angalau siku 3: siku 20 za kwanza zote, kisha hadi siku ya 100 huku mgonjwa akichangia. Baada ya hapo unalipa mwenyewe mpaka uishiwe, ndipo Medicaid, bima ya serikali kwa wasio na uwezo, iingie. Zamani aliyebaki nyumbani aliachwa fukara. Sheria ya mwaka 1988 ilimwekea kinga: nyumba anayoishi haihesabiwi, na kwa mwaka 2025 aliruhusiwa kubaki na akiba ya kati ya dola 31,584 na 157,920, kutegemea jimbo na walichokuwa nacho.

Hapa watu wetu huumia kwa kutojua. Ukiomba Medicaid, kwa kawaida serikali huangalia miaka 5 nyuma. Fedha ulizompa mtoto ajenge Kitengela au Mbezi zinaweza kuhesabiwa kama zawadi na kumchelewesha mgonjwa kupata msaada, na kiwanja kilichoko nje nacho kinatakiwa kutajwa. Usiandikishe nyumba kwa jina la mtoto kwa ushauri wa jirani. Tafuta mwanasheria wa mambo ya wazee kabla ya kuhamisha chochote. Wengi wenye green card husubiri miaka 5 kabla ya kustahili Medicaid, basi wazazi walioletwa juzi wawe na mpango mwingine. Na siku ya kusaini mkataba wa makao, soma pale palipoandikwa mtu mwenye dhamana. Makao hayaruhusiwi kukulazimisha ulipe kwa fedha zako binafsi ili mwenzio apokelewe. Saini kama mwakilishi wake anayesimamia fedha zake yeye, na uandike hivyo kando ya jina lako.

Sasa nyumbani. Nguo zake zenye alama ya jina zimeshakwenda. Zilizobaki kabatini usiharakishwe na mtu kuzigawa. Wengi husema usiku ndio mrefu, hasa kwa aliyezoea kuamka mara tatu kumgeuza mgonjwa, maana mwili unaendelea kuamka saa zilezile kwa miezi. Wengi huacha kupika. Kupikia mtu mmoja kunaonekana upuuzi, wanamalizia mkate na chai. Presha yao haipimwi, kliniki zao zimeahirishwa tangu mgonjwa alipoanza kuumwa. Mimi huwaomba wachague siku mbili za juma wasizokwenda makao, wazitaje kwa wahudumu, na siku moja kati ya hizo iwe ya daktari wao, ya kikundi cha akina mama, au ya kulala tu mchana. Mgonjwa ana zamu tatu za watu wanaomtazama. Aliyebaki nyumbani hana hata moja.

Watoto wanaweza kushika siku hizo mbili. Na ndugu walioko Tanga au Kisumu, wanaopiga simu kila Jumapili wakauliza hali ya mgonjwa kisha wakakata, wamwulize shemeji yao jana usiku alikula nini, na kama vidonge vyake vya presha amevimeza. Akijibu kwamba alikunywa chai tu, wasikate simu. Wamwambie awashe jiko, waendelee kupiga naye gumzo mpaka chakula kiive.